Tundu Lisizibe

Bibi yangu alishona kofia za viua maisha yake yote, barazani kwetu Ng'ambo, Unguja. Alitoboa kitambaa, akazungusha uzi kwenye ukingo wa tundu, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka tundu likasimama wazi lenyewe. Kofia moja ilikuwa na mamia ya matundu hayo. Jioni aliiinua mbele ya mwanga wa mlango akakagua moja moja, akitafuta lile ambalo uzi umevutwa kupita kiasi likafumba. Akiliona, alifumua.

Nilimkumbuka siku niliyoingizwa, kama muuguzi, chumba cha upasuaji, Dar es Salaam, ili nione kwa macho yangu kitu ambacho ningepewa kukilinda wodini. Mgonjwa alikuwa kijana wa bodaboda. Gari lilimgonga, mfupa wa ugoko ukavunjika, ngozi ya mbele ikachunika na mfupa ukabaki nje. Mfupa ulioachwa wazi hukauka ukafa, na ugokoni hakuna nyama ya jirani ya kutosha kuufunika. Kwa hiyo madaktari walikata kipande cha ngozi na mafuta yake kutoka pajani, kikubwa kuliko kiganja changu, pamoja na ateri yake, mshipa unaoleta damu, na vena zake, mishipa inayoirudisha. Wakakitoa kabisa, wakakilaza juu ya mfupa, kisha wakaanza kuiunganisha mishipa yake na mishipa ya mguu. Wodini kipande hicho tunakiita flapu.

Ateri yenyewe ilikuwa na upana wa milimita mbili hivi, kama tambi. Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Ukiwa umelala juu ya kitambaa cha kijani huuoni mpaka mwanga uupige. Daktari alikuwa ameinamia hadubini, na sisi wengine tulifuatilia kwenye skrini ukutani. Pale skrini mdomo wa mshipa ulionekana mpana kama bomba, na sindano ikapita ukingoni, ikatoka, ikapita tena. Nikaona mkono wa bibi.

Baadaye nilisoma habari za Alexis Carrel na sikushangaa hata kidogo. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, akafa kwa kuvuja damu kwa sababu wakati ule hakuna daktari aliyejua kushona mshipa mkubwa ukakaa. Carrel alikuwa kijana pale pale Lyon, anajifunza udaktari. Alikwenda kwa mwanamke mdarizi wa mjini, Madame Leroudier, kujifunza kushika sindano nyembamba na nyuzi laini. Mwaka 1902 akachapisha njia yake: weka nyuzi tatu kuzunguka mdomo wa mshipa, zivute ili duara liwe pembetatu, halafu shona ubavu kwa ubavu, hutaugusa ukuta wa upande wa pili. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Ilipofika 1960, Jacobson na Suarez kule Vermont, Marekani, walileta hadubini mezani, na hapo ndipo mishipa ya milimita moja na ushei ikaanza kushonwa.

Lakini kitambaa cha bibi hakikuwa na damu ndani yake. Damu imeumbwa izibe matundu. Ukijikata na kisu jikoni, unashukuru inaganda. Mshipa ulioshonwa nao, kwa damu, ni jeraha kama jeraha jingine, na damu inakuja kufanya kazi yake ileile. Tangu enzi za Rudolf Virchow, Mjerumani aliyeandika juu ya mabonge ya damu mwaka 1856, madaktari hufundishwa mambo matatu yanayoigandisha damu ndani ya mshipa: ukuta wa mshipa umeumia, mwendo wa damu umepungua au unazungukazunguka, na damu yenyewe imekuwa rahisi kuganda. Mguu wa yule kijana ulikuwa na yote matatu. Sindano imetoboa ukuta. Vibanio vilikuwa vimeishika damu isiende. Na mwili uliovunjika mfupa, ukalala mezani saa nyingi, unakuwa umejiandaa kugandisha damu popote.

Ndani ya mshipa mzima kuna utando laini ambao chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba majeraha, hupita juu yake bila kushika. Utando ule ukichubuka, kolajeni, nyuzi za ukuta zilizo chini yake, inafichuka. Chembe sahani zinanata hapo, zinaita nyingine, nyuzi za fibrini zinafuma wavu juu yake, na mlango wa milimita mbili unafungwa kwa kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

Ndiyo maana kinga ya kwanza iko mikononi mwa mshonaji. Nilimwona daktari akikata mshipa wa mguu hatua kwa hatua kurudi nyuma, mpaka alipofika mahali ambapo ajali haikufika na damu ikaruka vizuri. Nilimwona akichambua utando wa nje karibu na mdomo wa mshipa, kwa sababu uzi mmoja tu wa utando huo ukiburutwa na sindano kuingia ndani, damu inaanzia hapo kuganda. Alisafisha mdomo kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Hakuubana kamwe utando wa ndani kwa kibanio. Mshipa uliposinyaa kwa kuguswaguswa aliudondoshea dawa ya kuulegeza, akangoja. Kungoja kule kulinigusa kuliko ufundi mwingine wote. Chumba kizima kilikaa kimya dakika kadhaa kwa ajili ya mshipa mmoja.

Kisha vibanio vikaachiwa. Ile ngozi ya pajani ilikuwa imepauka rangi ya majivu, baridi, kama kitu cha buchani. Tukaangalia ukingo wake. Ilichukua muda, halafu tone la damu jekundu likajitokeza kwenye mafuta, na jingine.

"Inatoka," alisema daktari, na mabega yake yakashuka.

Ndugu wa wagonjwa huniuliza swali moja kuliko yote: "Sista, mnampa dawa ya kulainisha damu?" Wanadhani siri iko kwenye dawa. Ndiyo, tunampa. Yule kijana alipata sindano ndogo ya tumboni ya jamii ya heparini kila siku, na aspirini. Aspirini huinyima chembe sahani uwezo wa kuwaita wenzake, na kila chembe iliyoguswa inabaki hivyo mpaka inapokufa, siku saba hadi kumi. Heparini inashika upande mwingine, ule wa kufuma wavu. Ni dawa yenye historia ndefu: ilianzia mwaka 1916 kwenye ini la mbwa, katika maabara ya Baltimore ambako Jay McLean alikuwa bado mwanafunzi, na siku hizi hutengenezwa zaidi kutoka matumbo ya nguruwe. Kwa sababu hiyo baadhi ya madaktari huzungumza kwanza na mgonjwa Mwislamu, na huo naona ni uungwana unaostahili kufanywa kila mahali.

Ila madaktari bingwa wenyewe hawakubaliani ni dawa ipi, kiasi gani na siku ngapi. Zamani wengi walitumia dekstrani, dawa nyingine ya kupunguza kuganda, ya kwenye dripu; ikaachwa karibu kila mahali kwa sababu wengine iliwajaza maji mapafuni na wengine iliwaletea mzio mkali. Na dawa ya kuzuia damu isigande ina deni lake. Ukizidisha, jeraha linavuja chini ya ngozi, damu inajikusanya, uvimbe ule unaikandamiza vena, na vena iliyokandamizwa damu yake inasimama. Damu iliyosimama inaganda. Umempa mtu dawa ya kuzuia bonge na umemletea bonge. Mtu akiniambia ana dawa inayomaliza tatizo hili peke yake, namsikiliza kwa adabu, halafu narudi kitandani kwa mgonjwa wangu kubonyeza ngozi.

Kwenye hospitali zenye uzoefu, zaidi ya flapu 95 katika kila 100 hupona. Zinazokufa, nyingi huanza kufa ndani ya saa 48 hadi 72 za mwanzo, na mara nyingi tatizo ni vena. Ateri inasukumwa na moyo na ina ukuta mnene. Vena ni laini kama ganda la kitunguu, haina msukumo, ukiibinya kidogo inalala. Ateri ikiziba, flapu inapauka, inapoa na kunywea. Vena ikiziba, damu inaendelea kuingia na haina pa kutokea. Flapu inajaa, inakazana, inakuwa nyeusi, na mwisho hata kinachoingia kinashindwa kuingia. Ukigundua mapema, mgonjwa akarudishwa upesi kwenye upasuaji, zaidi ya nusu zinaokolewa. Ukichelewa, mishipa midogo ya ndani inajaa mabonge, na hapo hata ukifungua mlango mkubwa damu haipiti tena.

Nitaeleza nilivyochelewa mimi.

Ilikuwa miaka ya nyuma, katika hospitali nyingine. Mama mmoja alikuwa ametolewa uvimbe wa taya, akawekewa mfupa mwembamba wa mguuni na kipande cha ngozi chini ya kidevu. Nilikuwa zamu ya usiku, peke yangu na wagonjwa wengi. Umeme ulikuwa wa jenereta, balbu ya njano, na tochi yangu ilikuwa inafifia. Saa tisa usiku nilibonyeza ile ngozi, nikaachia, damu ikarudi haraka. Nikafurahi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba damu ikichelewa kurudi ni hatari. Hakuna aliyeniambia kwamba ikirudi haraka mno, kabla hujamaliza kutamka "moja", ni hatari vilevile, maana imejazana na inatafuta pa kwenda. Niliona ngozi ni nyeusi kidogo kuliko ya shingoni. Nikajiambia ngozi ya mguu ni nyeusi kuliko ya shingo, ndivyo tulivyo. Nikaandika kwenye fomu: rangi nzuri, mrejeo mzuri.

Kulipokucha ilikuwa imevimba, inang'aa kama zambarau. Walimrudisha. Vena ilikuwa imejaa bonge kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakalitoa, wakashona tena, ikaganda tena. Siku ya tatu walikitoa kipande chote. Yule mama hakunilaumu, kwa sababu hakuna aliyemweleza kilichotokea usiku ule, wala mimi sikumweleza. Alinishukuru kwa kumsafisha kinywa. Nimelibeba hilo mpaka leo.

Vitabu nilivyosomea vilikuwa na picha za ngozi nyeupe: hii ya waridi ni salama, hii ya bluu ina shida. Ngozi zetu hazisemi hivyo. Sisi ilibidi tujifunze kusoma alama nyingine, na naziandika hapa kwa ajili ya muuguzi kijana atakayefika, maana mimi nilizipata kwa gharama ya mtu mwingine. Usiiangalie flapu peke yake. Ilinganishe na ngozi ya mahali ilikotoka, paja na paja. Ikague ikiwa nzima, saa ya kwanza kabisa, mkiwa wawili, anayetoka zamu na anayeingia, mkubaliane rangi yake ya kawaida ni ipi. Angalia mng'ao: ngozi inayojaa hupoteza mistari yake midogo. Iguse. Flapu nzima ni laini kama shavu, iliyojaa inakaza kama paji la uso. Tumia mwanga mweupe, tochi ya simu inafaa kuliko balbu nyingi za wodini, na uishike kwa ubavu, si kwa juu. Ukiwa na shaka, na daktari ameruhusu, choma kwa ncha ya sindano mbali na mishipa iliyoshonwa: damu nyekundu inayokuja taratibu ni njema, damu nyeusi inayobubujika ni vena, na pasipotoka kitu ni ateri. Rangi ya damu haijali rangi ya ngozi.

Kuna pia Dopla, kile kifaa kidogo cha kusikilizia. Ateri inalia kwa mapigo, shwi, shwi. Vena inavuma kama upepo kwenye makuti. Daktari huacha uzi mmoja kwenye ngozi kuonyesha mahali pa kuweka kifaa. Na betri za akiba ziwe mfukoni mwa muuguzi, zisiwe kwenye kabati la ofisi iliyofungwa.

Narudi kwa kijana wa bodaboda. Usiku wa pili, saa nane. Mama yake alikuwa ameruhusiwa kukaa, amesinzia kwenye kiti, khanga imemfunika kichwa. Nilibonyeza. Damu ilirudi kabla sijatamka. Nikawasha tochi ya simu, nikainama. Ukingo wa juu ulikuwa umekaza na unang'aa. Nikaweka Dopla: mapigo yapo, makubwa. Upepo haupo. Nikachoma, tone likatoka jeusi kama kahawa na likaendelea kutoka.

Mikono yangu ilipoa. Nilimpigia daktari nikamweleza nilichoona kwa mpangilio, bila kusema nadhani.

"Bandeji ikoje?" aliuliza.

Nikaangalia. Juu kidogo ya flapu, chini ya goti, bandeji ilikuwa imelowa damu mchana, sasa imekauka ngumu kama kadibodi na imeuzunguka mguu mzima. Mto nao ulikuwa umeteleza, mguu umegeukia nje, umelalia upande ule ule wa mishipa.

"Ikate yote sasa hivi. Inua mguu. Nakuja."

Nilikata kwa mkasi kutoka juu hadi chini. Shashi za ndani zilikuwa zimeshikana na nywele za mguu, nikazilainisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Chini yake palikuwa na mfereji kwenye ngozi, alama ya bandeji, kina chake ningeweza kulaza kidole. Tukauweka mguu juu ya mito miwili, ukatazama juu. Nikashika Dopla mahali pale, bila kuondoa mkono. Mama aliamka.

"Sista, kuna nini?"

"Bandeji ilikuwa inabana, mama. Nimeikata."

"Bandeji tu?"

"Bandeji tu. Ila tukae macho."

Sijui zilipita dakika ngapi. Upepo ulirudi kwa mbali, ukakatika, ukarudi tena ukakaa. Daktari alipofika alisikiliza, akachoma mwenyewe, damu ikatoka nyekundu zaidi. Akavuta kiti. Alikaa nasi mpaka saa kumi na moja, akichoma na kubonyeza, chumba cha upasuaji kikiwa kimeshaandaliwa. Hakikuhitajika.

Tangu usiku ule mama yule akawa mlinzi kuliko mimi. Nilimweleza mambo yote, na yeye akayasimamia kama anavyosimamia nyumba yake. Kiyoyozi kilizimwa, maana mshipa ukipata baridi unasinyaa. Joto la Dar tunalolilalamikia kila siku, kwa flapu ni neema. Alimnywesha maji na uji kwa saa. Kijana akisema anaumwa, mama alinifuata hapo hapo, kwa sababu maumivu nayo husinyaza mishipa. Marafiki wa kijiweni walipokuja na sigara mfukoni, aliwasimamisha mlangoni.

"Wanangu, moshi umebaki kwenye nguo zenu. Msalimieni kwa mkono kutokea hapo."

Nikotini husinyaza mishipa midogo, na hilo halina mjadala. Kahawa tulimzuilia pia, ingawa ushahidi wake si mzito kama wa sigara. Nilimwambia mama hivyo hivyo, naye akasema bora tukose kahawa.

Aliniuliza pia kuhusu ruba, maana alisikia wazee wakisema wanatumika. Nikamwambia ni kweli, na si uganga. Mate ya ruba yana hirudini, inayozuia damu kuganda, na vena ikigoma kabisa ruba hunyonya ile damu iliyojaa, kisha alama yake inaendelea kuvuja kwa saa kadhaa, mpaka mwili utengeneze vijia vyake vipya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu rasmi wauzwe kwa matibabu hayo. Lakini hao ni ruba wa kufugwa, na hata hao hubeba tumboni bakteria anayeweza kuozesha jeraha, kwa hiyo mgonjwa hupewa antibayotiki. Asije mtu akatuletea ruba wa bwawani ndani ya chupa.

Kadiri siku zinavyokwenda, utando mpya hutambaa juu ya mshono ndani ya mshipa, na hatari hupungua. Siku ya tano tulipunguza ukaguzi kutoka kila saa hadi kila saa nne. Siku ya saba tuliushusha mguu kando ya kitanda kwa mara ya kwanza, dakika tano. Flapu ikaiva, ikawa nyeusi, na kijana akaingiwa na hofu. Mama alikuwa na simu mkononi, anahesabu sekunde. Tukaupandisha. Rangi ikaanza kurudi polepole.

"Sista, njoo tuangalie vizuri," mama alisema, akiwasha tochi.

Nilikwenda dirishani nikavuta pazia. Jua la asubuhi likaingia mpaka kitandani, na sote watatu tukainama juu ya ule mguu.